Saa ya Mita na Saa ya Kengele

Karatasi ilikuwa moja tu, na ilitosha kumfunga mtu miaka mingi.

Inspekta Erica Sanga aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akashuka kwenye gari mbele ya nyumba ya Agatha pale Maretadu. Ilikuwa Jumamosi, saa tano na robo asubuhi, na upepo wa Mbulu ulikuwa baridi kiasi cha kumkumbusha kwao Makete. Njiani, kutoka barabara kuu hadi hapo, alikuwa amehesabu wanawake wanne waliojitanda mashuka ya zambarau. Aliweka hesabu hiyo kichwani, pa kuiandika alikuwa bado hajapaona.

Nyuma yake alishuka Idd, fundi wa umeme, mzaliwa wa Kondoa, mtu nadhifu ambaye hata viatu vyake vya kupandia nguzo huvipiga kiwi.

"Afande, tumerudi kufanya nini?" aliuliza. "Kazi niliimaliza jana."

"Uliimaliza, ndiyo. Sasa tunairudia."

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuelezea, na hilo ndilo lililomkera Erica. Jumatano mchana, Wolfgang, mkulima wa hapo hapo, alipigwa kitu kizito kichwani akiwa shambani kwake bondeni, simu ikiwa sikioni anaongea na mkewe. Simu ilikatika saa saba kasoro dakika ishirini, na simu yenyewe ilikuwa imeandika hivyo. Tangu hapo alikuwa amelazwa hospitalini, hajafumbua macho. Mchungaji mmoja aitwaye Festo, aliyekuwa ng'ambo ya mto na ng'ombe zake, aliona mwanamke mwenye shuka la zambarau akipanda kilima haraka haraka. Uso hakuuona. Agatha ana shuka la zambarau. Agatha pia ni mjane wa mdogo wake Wolfgang, na kwa miaka miwili yeye na shemeji yake walikuwa wakigombea shamba lile lile la bondeni. Mtu hahitaji kupita chuo cha polisi kujumlisha hapo.

Agatha alikamatwa Ijumaa alfajiri. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Yeye ni fundi cherehani. Jumatano alikuwa nyumbani peke yake akipiga pasi sare mpya za kwaya. "Nilianza saa tano, nikamaliza saa saba na kitu," alisema. Nani alimwona? Hakuna.

Ndipo Erica alipopata wazo la mita. Alijivunia wazo hilo Ijumaa asubuhi, akalijutia Ijumaa jioni. Mita za sasa hazihesabu uniti tu. Kila robo saa zinaandika tumboni mwao ni umeme kiasi gani umepita, na pasi ni mlafi, haiwezi kujificha. Idd alikwenda, akasoma, akaleta karatasi. Karatasi ikasema pasi iliwaka saa nne hadi saa tano, ikazimwa nusu saa, ikawaka tena saa tano na nusu hadi saa sita na robo. Baada ya hapo kimya hadi taa za jioni. Kutoka nyumba ile hadi bondeni ni mwendo wa dakika ishirini. Mkuu wa polisi wa wilaya alipoisoma alipiga meza kwa furaha.

"Kumbe alimaliza mapema, akatudanganya," alisema. "Jumatatu mahakamani. Kujaribu kuua."

Kosa hilo halina dhamana ya kubembeleza. Watoto watatu wa Agatha wangepelekwa kwa ndugu wa baba yao, yaani kwa Wolfgang na mkewe, na shamba la bondeni lingewafuata watoto. Kila mtu alikuwa ameshalipanga hilo, isipokuwa Agatha, ambaye alipoonyeshwa karatasi alitikisa kichwa tu na kusema mashine imekosea. Wahalifu wote husema mashine imekosea.

Erica alilala vibaya. Haikuwa huruma, baada ya miaka ishirini na sita kazini, huruma alikuwa anaitoa kwa kijiko. Ilikuwa ile nusu saa. Mwanamke amepanga kumvunja shemeji yake kichwa. Anapiga pasi, anazima nusu nzima ya saa, kisha anarudi kunyoosha kola za kwaya, halafu ndiyo anakwenda? Nusu saa ile alikuwa anafanya nini?

Mlangoni walipokelewa na bibi aliyejifunga kitambaa cheusi. Huyo alikuwa Philomena, mkwe wa Agatha, na pia mama mzazi wa Wolfgang.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Philomena hakuwakaribisha kukaa. "Mtoto wangu mmoja yuko kaburini pale. Mwingine yuko hospitali, hasemi. Mkwe wangu unaye wewe. Umefuata nini kingine?"

"Nimefuata mita, mama. Na swali moja. Jumatano ulikuwa wapi?"

"Mnadani Dongobesh. Niliuza mbuzi. Nimerudi jioni nakuta watu wamejaa hapa wanalia."

"Unaamini Agatha alimpiga mwanao?"

Bibi aliangalia kaburi, kisha jiko, kisha ardhi. "Nikisema ndiyo nimemwua huyu. Nikisema hapana nimemsaliti yule. Wewe ndiye unalipwa kujua."

Erica aliona jibu hilo ni la haki kabisa, akaenda ukutani kwenye mita.

Idd alikuwa ameshafuta kioo kwa kitambaa. Chini ya namba kulikuwa na kijicho kidogo, matundu mawili meusi yaliyofunikwa na kioo. Alitoa kichwa cha sumaku chenye waya, akakisogeza, kikajishika chenyewe kwenye kijicho: tak. Hakuna waya uliochomekwa popote ndani, hakuna kifuniko kilichofunguliwa. Mita na kompyuta vilikuwa vinaongea kwa mwanga, kama watu wawili wanaokonyezana kanisani.

"Jana ulisoma siku ngapi?" Erica aliuliza.

"Moja. Ile ya Jumatano uliyoitaka."

"Leo nataka zote ilizonazo."

"Inazo tisini, afande. Itachukua muda."

"Mimi siku yangu ya kupumzika nimeshaiharibu. Soma."

Walikaa kwenye benchi, kompyuta magotini mwa Idd. Siku zilianza kushuka moja moja, kila siku na milima yake: mlima mrefu ni pasi, vilima vidogo ni taa na redio. Erica alivaa miwani. Siku ya kwanza, pasi asubuhi, saa tano bonde la nusu saa, pasi tena. Siku ya pili, saa tano bonde. Ya tatu, saa tano bonde. Jumapili hakuna pasi kabisa. Jumatatu, bonde, saa tano.

"Kila siku ya kazi anazima pasi saa tano kamili," Erica alisema. "Kwa nini saa tano? Si saa ya chai, si saa ya chakula."

"Labda anapumzisha mgongo."

"Mgongo hauna saa, Idd."

Wakati huo huo, kutoka kilima cha pili, kengele ya kigango, kanisa dogo la Wakatoliki, ikalia.

Philomena alikuwa anakoroga makande jikoni. Aliacha mwiko ndani ya chungu, akavuta kuni mbili nje ya moto, akatoka. Hakuwatazama. Alikwenda hadi kwenye kaburi la mwanawe kando ya migomba, akafanya ishara ya msalaba, midomo ikacheza. Sala ilipokwisha aling'oa majani yaliyoota pembeni ya kaburi, akamchotea ndama maji, akakaa kwenye jiwe akanywa kikombe cha uji, akaosha kikombe. Ndipo akarudi jikoni na kusukuma kuni ndani.

Erica alikuwa ameitazama saa yake ya mkononi mwanzo na mwisho. Mwanzo ilikuwa saa sita kamili. Mwisho, saa sita na dakika ishirini na nane.

"Mama," aliita, na sauti yake ikawa na adabu zaidi kuliko mwanzo. "Hivyo ulivyofanya, Agatha naye hufanya?"

"Kila siku. Amenifundisha yeye, tangu mume wake afariki. Kengele ikilia anaacha kila kitu, anakuja kwa mumewe, sala ya Malaika wa Bwana, halafu ndama, halafu uji. Hata mteja awe amesimama mlangoni."

"Kengele inalia saa ngapi?"

Philomena alimtazama kama mtu anayeulizwa mvua inatoka wapi. "Saa sita, mwanangu. Kwenu hailii?"

"Sisi Walutheri kule kwetu inalia Jumapili."

Alirudi kwenye benchi polepole. "Idd. Jana ulipoiunganisha hii mita, yenyewe ilikuwa inasema ni saa ngapi?"

Idd aliinamia kompyuta.

"Jibu."

"Sikuangalia, afande." Alianza kufuta kioo cha kompyuta kilichokuwa safi. "Sisi tumefundishwa hivyo. Ukigusa mita, cha kwanza unaisawazisha saa yake na ya kompyuta. Ni kubonyeza mara moja tu. Halafu ndiyo unasoma."

"Kwa hiyo kama saa yake ilikuwa mbovu, uliitengeneza kabla hatujajua."

"Ndiyo."

"Na yale maandishi ya nyuma?"

"Yanabaki na saa yake ya zamani. Mita inaandika tu kwamba saa imerekebishwa. Haiandiki ilikuwa ngapi." Idd alijishika kichwa. "Afande, usafi wangu umeniponza."

"Umemponza mwingine. Tulia, tumsaidie." Erica alichukua kalamu. "Mita ikiwa nyuma kwa saa nzima, bonde la saa tano ni kengele ya saa sita. Basi Jumatano alianza pasi saa tano, kama alivyosema. Akasali saa sita. Akarudi kwenye pasi saa sita na nusu, hadi saa saba na robo. Saa saba kasoro dakika ishirini, Wolfgang anapigwa bondeni, pasi hapa iko moto."

"Alhamdulillahi!"

"Bado. Pasi inaweza kuwashwa na kuachwa?"

"Ikiachwa wima inajizima na kujiwasha, inakula kidogo. Hii ilikuwa inakula kwa nguvu muda wote, kama inapita juu ya nguo mbichi. Mtu alikuwa ameishika."

"Vizuri. Shusha siku zilizobaki."

Zilishuka, na zote zilitii, hadi Jumatatu moja ya wiki mbili nyuma. Siku hiyo bonde halikuwa saa tano. Lilikuwa saa tano na nusu, limekaa peke yake, linatazamana nao.

Idd aliguna. Mkuu wa polisi angeiona siku hiyo kabla ya nyingine zote. Angesema, ona, anazima anapojisikia, kengele yenu ni hadithi. Kesi nzuri mahakamani hufa kwa kitu kidogo kama hicho, na huwa haifufuki.

"Twende kwa mpiga kengele," alisema.

Mpiga kengele alikuwa mzee Margwe, mwembamba, mrefu, koti refu hadi magotini. Walimkuta nje ya kigango akifagia. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari la mizigo, imening'inizwa kwenye mti wa mkaratusi, na nyundo iliyofungwa kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kujua unapigaje kengele. Unafuata saa gani?"

Mzee aliingia chumba cha vyombo, akatoka na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Hii. Ikipiga milio yake ya saa, mimi navuta. Asubuhi, saa sita, jioni. Miaka thelathini na moja. Zamani nilikuwa naangalia jua, lakini jua la Mbulu lina mawingu."

"Na huchelewi?"

"Sichelewi."

"Hata siku moja?"

Ufagio ulisimama. Mzee Margwe alimtazama Erica, akamtazama Idd, akaitazama njia inayotoka parokiani.

"Umetumwa na padre?"

"Nimetumwa na serikali."

"Afadhali." Alikaa kwenye gogo na kukunja mikono. "Siku moja. Jumatatu, siyo hii iliyopita, ile ya nyuma yake. Ng'ombe wangu alikuwa anazaa na ndama anakuja kwa miguu ya nyuma. Redio inapiga milio, mimi mkono uko ndani mpaka hapa." Alionyesha kiwiko. "Ningeacha? Nikavuta, nikavuta, ndama akatoka. Nikakimbia hivyo hivyo na damu. Nilipiga saa sita na nusu. Nikasema Mungu ameona, yeye ndiye mwenye ng'ombe. Ila padre sikumwambia."

Erica hakumwonyesha furaha yake, maana shahidi anayejua amekufurahisha huanza kuongeza chumvi. Aliuliza tu, "Una hakika ilikuwa Jumatatu hiyo?"

"Ndama yupo. Nilimwandikisha kwa daktari wa mifugo kesho yake. Kitabu hiki hapa."

Kitabu kilikuwa na muhuri na tarehe ya Jumanne. Erica alikipiga picha. Idd alikuwa amegeukia mkaratusi, anajipangusa macho kwa mkono wa shati lake safi.

Simu kwa mkuu wa polisi ilichukua dakika kumi, na saba kati ya hizo zilikuwa za kelele kutoka upande wa pili.

"Pasi haina jina la mtu!" mkuu alisema. "Inaweza kuwa aliyepiga pasi ni mtu mwingine."

"Nani, afande? Watoto walikuwa shule. Mkwe wake alikuwa Dongobesh anauza mbuzi mbele ya mnada mzima. Na huyo mtu mwingine akaacha pasi kengele ilipolia, akakaa nusu saa ile ile ya kila siku, akarudi? Siku kengele ilipolia saa sita, aliacha saa sita. Siku ilipochelewa nusu saa, na yeye alichelewa nusu saa. Mita haikujua kuhusu kengele, na mpiga kengele hakujua kuhusu mita. Hao wawili hawajawahi kukutana."

"Na lile shuka?"

"Leo asubuhi nimeyahesabu manne barabarani."

"Kwa hiyo hatuna mtu."

"Tuna mtu mmoja asiye na hatia, afande. Kwa leo naomba unikubalie huyo. Aliyempiga Wolfgang nitaanza kumtafuta Jumatatu."

Mkuu alivuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Mwachie," alisema. "Na umwambie pole. Usimwambie ni mimi."

Saa kumi jioni Agatha alitolewa mahabusu, amejikunja, shuka la zambarau likiwa limebaki kwenye kabati la vielelezo. Erica alimpa koti lake mwenyewe. Kwenye gari alimwuliza jambo lililokuwa likimwasha tangu mchana.

"Dada Agatha, mbona hukuniambia kwamba ulisimama kusali? Ungetuokolea siku mbili."

"Uliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, afande. Kusali siyo kazi."

Idd, kiti cha nyuma, alisema taratibu, "Dada yangu, mimi ndiye niliyeharibu ile saa. Nisamehe."

"Si umerudi?" Agatha alisema. "Wangapi wanarudi?"

Walipofika, Philomena alikuwa amesimama kwenye uzio na wajukuu watatu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Bibi alimshika mkwe wake mabega yote mawili, akamtazama usoni muda mrefu, akasema, "Mungu amenirudishia mmoja. Kesho tutakwenda wote hospitali kumwombea wa pili." Agatha akasema ndiyo, mama, na akalia kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

Kisha akaomba kitu. Alitaka kwenda kigangoni kabla giza halijaingia.

Mzee Margwe aliwaona wanapanda kilima: Agatha, mkwe wake, watoto, polisi na fundi. Aliinuka kwenye gogo akiwa na wasiwasi wa wazi.

"Padre amejua," alisema.

"Hapana, babu. Shikamoo." Agatha alipiga goti. "Nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi? Mimi navuta kamba tu."

"Kwa ile Jumatatu uliyochelewa."

Erica alimweleza kwa maneno machache, na ilibidi aeleze mara mbili. Mzee alisikiliza huku kichwa kimeinama. Alipoelewa, alianza kucheka kidogo kidogo, hadi machozi yakamtoka.

"Miaka thelathini na moja nimewahi," alisema, "hakuna aliyekuja kusema asante. Siku moja nimechelewa, wamekuja na gari."

Redio ikaanza kupiga milio ya saa kumi na mbili. Mzee alishika kamba, kisha akaiachia, akamnyooshea Agatha. Agatha akaivuta. Kengele ikalia, ikaenda ng'ambo ya bonde, na huko chini moshi wa majiko ukaonekana kupungua mmoja baada ya mwingine, watu wakivuta kuni nje ya moto.

Inspekta Erica Sanga sala ile hakufundishwa. Alivua kofia, akatafuta maneno, na yaliyokuja yalikuwa ya Kikinga, lugha ya kwao Makete, yale mama yake aliyomfundisha kusema baada ya kula. Maana yake ni asante. Akayasema yote.